Maelekezo ya Julai, Pamoja na Ufunguo

Shinuna, ufunguo uko kwa Mama Rahma, nyumba ya pili,
mwenye mlango wa kijani na paka asiyeamkia watu.
Ukitaka kuoga, fungua bomba jekundu.
Hita nimeizima tangu Mei; la buluu ndilo linalochemka,
tangi liko juu ya paa, na jua la huku halina adabu.
Maskati kiangazi mambo yote yamegeuzwa hivyo:
baridi iko upande wa moto, asubuhi iko usiku.

Basi lala mchana. Usione haya.
Mchana ni wa viyoyozi, na wa njiwa
wanaogombea kivuli cha nguzo moja ya taa.
Atakayekwambia ukautazame mji saa sita adhuhuri
hakupendi, au anauza maji.

Sinema, nenda ya alasiri, tiketi rahisi,
lakini chukua shali, chukua na soksi.
Filamu niliyoiona mwezi uliopita siikumbuki hata jina.
Nakumbuka magoti yangu yakigongana,
na bwana wa mbele, dishidashi kama maziwa,
kajitanda blanketi la mtoto lenye sungura.

Jumba kubwa la muziki limefungwa mpaka joto lipungue.
Usihuzunike. Alhamisi, baada ya isha,
panda juu ya duka la Khalfani fundi cherehani, kule Ruwi,
kwa ngazi, maana lifti ina hiari yake.
Utakuta vijana sita, udi mmoja,
na Zamzam anayepiga fidla kama anamsuta mtu.
Miezi miwili wanarudia kipande kimoja.
Wanakosea palepale.
Mimi huenda kulisubiri kosa lile
kama anavyosubiriwa mgeni ambaye kuchelewa ni desturi yake.
Viti hakuna. Peleka sambusa, utaitwa dada.

Saa nne usiku ndipo mji unapofumbua macho.
Mishikaki, fuata moshi.
Chai ya karaki, usishuke garini: honi moja, itakujia.
Honi mbili ni ufidhuli.
Na Ijumaa alfajiri, ukisikia kelele uwanja wa magari,
ni mafundi bomba wanacheza kriketi.
Mpira ukiingia chini ya gari lako usiliondoe.
Umeshakuwa mchezaji.

Halafu kuna nyumba ya picha, Matrah, nyuma ya soko.
Wapite wauza ubani, hesabu milango minne, ama mitano.
Kiangazi haji mtu. Mwenyewe kasafiri,
kaacha karatasi za maelezo. Usizisome.
Muulize Shibu, mlinzi.
Miezi mitatu yuko peke yake na picha thelathini;
anajua ipi hupigwa na jua saa tisa,
ipi mchoraji alichoka akaimaliza mbiombio,
ipi ina nzi aliyegandia ndani ya rangi.
Ana Kiarabu cha kuokoteza, nawe una chako,
mtaelewana.

Chumba cha mwisho kuna picha ya mvua.
Mvua tupu: hamna mti, hamna mtu.
Mwezi wa tano kiti chake kilikuwa mlangoni,
wa sita kimefika ukumbini,
juzi nimekikuta mbele ya mvua.
Nikamwuliza, hii ndiyo nzuri kuliko zote?
Akasema hapana, huyu kakosea, mvua hailali hivi.
Kisha akaitazama tena.

Utauliza, na wewe je, mwenye mji?
Mimi niko Salala, binti ami, pamoja na nusu ya Maskati,
tunasukumana ukunguni, tunapigana picha na ngamia,
tunalipa riali nyingi ili tulowe.
Ndiyo, haya yote naandika huku nimekalia sanduku lifunge.

Mpe Shibu salamu. Mwambie nitaangalia
mvua inalalaje,
nikirudi nitampa jibu.

Na bomba, nasema tena, jekundu.
Wageni wote husahau.
Mama Rahma huwasikia, akacheka,
ndipo huleta kahawa.